Futi ya Mama Haina Adabu

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimetangazwa. Chama cha filamu kimebakiwa na nafasi moja, na tunaoitaka ni wawili: mimi na Kipaza, msichana wa darasa letu ambaye akinong'ona hata mpishi wa shule hugeuka. Mwalimu wa filamu ametupa mtihani. Filamu ya dakika tatu, dunia kama inavyoonwa na kitu cha kila siku. Zitaonyeshwa Jumamosi, siku ya wazazi. Atakayeshindwa anakwenda midahalo, maana ndicho chama pekee chenye viti vitupu.

Midahalo! Kusimama jukwaani! Mimi ambaye nikiitwa jina asubuhi huitika kwa kuinua kalamu! Hapana. Kwangu ni nyuma ya kamera. Lazima nishinde.

Jumanne, 4 Machi

Nimejaribu upawa. Nimeufungia simu ya kaka kwa gundi ya karatasi. Nimepata dakika nne za koo la kaka. Nimejaribu kitasa cha bafuni. Bibi akataka kujua mke mwenzake, ndivyo anitaniavyo mimi mjukuu wake, ameanza lini kuchungulia watu wanaooga.

Jioni, nikaiona. Futi ya mama! Mama ni fundi cherehani, na ule utepe wake wa kupimia humning'inia shingoni kutwa. Umekumbatia viuno vya mtaa mzima. Nani ana mengi ya kusimulia kuliko futi? Nimeshindwa kumaliza chakula kwa furaha.

Kipaza amechagua mpira. Kwa upole wa paka nimemshauri aufunge pamoja na kamera na auviringishe mlimani. Nataka watazamaji watapike.

Jumatano, 5 Machi

Kazi imefanyika. Mama alitoa sharti moja: kila mteja aombwe ruhusa. Mdomo ulikataa, kwa hiyo nikawapa kikaratasi: sura hazitaonekana, ni futi na nguo tu. Wote watatu wamekubali. Wa kwanza ni Mwalimu Mkuu mwenyewe! Alikuja kupimwa suti ya sketi ya siku ya wazazi, akasahihisha koma zangu kwa wino mwekundu, ndipo akatia sahihi.

Nimeshika ncha ya futi kwa mkono huu, simu kwa ule, karibu kabisa na namba. Mama akapima kama kawaida yake. Kwa mdomo anataja namba ambayo mteja anaitaka, daftarini anaandika namba ambayo nguo inaitaka. Nguo inakaa vizuri, mteja anatoka shingo imenyooka. Ndiyo siri ya kazi. Nimekua nayo kama mlio wa cherehani, siisikii tena. Macho yangu yalikuwa kwenye mwanga. Na mwanga ulikuwa mtamu!

Alhamisi, 6 Machi

Futi inahitaji sauti. Nikaiandikia maneno kwa lugha ya darasani, ile ya vitabu vya kigeni. Ikasikika kama inaomba kazi benki. Nikafuta. Nikaisemea kwa lugha ya nyumbani. Nikasikika kama mbuzi aliyenyeshewa. Nikafuta pia. Nimeacha sauti za chumba zilivyo. Ndiyo sanaa.

Habari mbaya. Kipaza amefuata ushauri wangu. Mbingu, nyasi, mbingu, nyasi, na darasa zima likapiga makofi. Amenishukuru. Mbele ya watu! Eti bila mimi asingefika popote. Nilitamani sakafu inimeze.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekabidhi. Mwalimu wa filamu aliitazama kwenye kompyuta ya ofisini, ambayo haina spika. Amezisifu namba. Amesema zitasomeka hadi safu ya mwisho. Akauliza kama sauti iko sawa. Nikaitikia kwa kichwa.

Nikiri hapa tu: nimeikata na kuiunga filamu yote bila kusikiliza, kwa sababu Bibi alikuwa amesinzia. Lakini sauti ya mama naijua. Ina ubaya gani?

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi ulifurika. Mama na wateja wake walikaa safu ya mbele. Mwalimu Mkuu alivaa suti mpya ya bluu, imemkaa kama ngozi.

Filamu yangu ikaanza. Futi ikazunguka kiuno. Namba ikajaa ukuta mzima: 41. Kisha sauti ya mama, asali tupu: thelathini na nne, Mwalimu, umepungua!

Mtu akakohoa.

Kiuno cha pili: 46. Mama: thelathini na nane, dada, hivi wewe unakula kweli? Baba mmoja akaangua kicheko, mkewe akamtia kiwiko. Sura hazikuonekana, kama nilivyoahidi. Hazikuhitajika.

Nikaingia chini ya kiti. Huko nikamsikia Mwalimu Mkuu akimuuliza mama, taratibu, ameanza lini mchezo huu. Mama akajibu kwamba ni tangu alipomshonea yeye Mwalimu Mkuu gauni lake la harusi. Ukumbi ukapasuka! Mwalimu Mkuu naye akacheka, ila kwa meno tu.

Akapanda jukwaani. Nafasi ya filamu, akatangaza, ni ya Kipaza. Kuhusu mimi, shule haijawahi kupata mwanafunzi jasiri wa kusema kweli namna hii mbele ya wakubwa zake, na kipaji kama hicho hakifai kufichwa nyuma ya kamera. Midahalo. Jumanne. Msemaji wa kwanza!

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi yule wa 46 alibisha hodi. Nikajua tumekwisha. Akafunga mlango, akataka apimwe upya, lakini asomewe ile ya mdomoni. Ile ya futi, alisema, futi ibaki nayo. Mama akamsomea thelathini na sita. Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mimi nimepigwa marufuku chumba cha kushonea hadi nizeeke.

Sijakata tamaa. Nina mpango! Jumanne sitasema neno. Nitafungua na kufunga mdomo tu, simu ya kaka itasema kutoka mfukoni. Inatakiwa sauti nene, na shule nzima inayo moja. Nimemtumia Kipaza hotuba yangu airekodi. Amekubali papo hapo, hata sababu hakuuliza. Ameirudisha imerekodiwa, na alama tatu za kicheko.

Niliandika hotuba ya dakika mbili. Yake ina dakika tano. Kumbe ana moyo mzuri, ameniongezea hoja zake! Sina haja ya kuisikiliza. Naenda kufanya mazoezi ya mdomo.