Maswali ya Kumpotezea Dorine Wakati

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi ni moja! Mwalimu Magige ametangaza: atakayeongoza mtihani wa magonjwa ya samaki ndiye atakayekwenda mafunzo ya kazini kwenye vizimba vya kufugia samaki aina ya ngege ziwani kule Sindo. Mashua! Jaketi la kuelea! Nimempigia mama huko Karungu papo hapo, nikamwambia nimeipata. Kwa nini nimcheleweshee furaha?

Mpinzani ni Dorine peke yake. Anasoma vibaya sana. Ukurasa mmoja, anafunika kitabu, anajisemea kama mgonjwa wa malaria, anafungua tena kuhakikisha. Polepole! Mimi nimenunua kalamu nene za manjano kwa Shamima, mwenye duka la pale kwenye geti la chuo, na kufikia jioni nimepaka sura tatu nzima. Kila sentensi ilikuwa muhimu. Shamima aliuliza kama nasoma ama napaka nyumba rangi. Nimemsamehe.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata wazo! Nimeshindwa hata kumaliza ugali kwa furaha. Dorine hawezi kumnyima mtu msaada. Basi nitajifanya mjinga. Anieleze sura, niseme sijaelewa, aanze upya. Akinifundisha mimi, yeye atasoma saa ngapi?

Nilianza jioni hiyo hiyo. Niliuliza samaki anawezaje kufa kwa kukosa hewa na hali maji yamemzunguka. Dorine akaanza kujibu, akajikanganya. Hajui! Ikabidi arudi kitabuni, kisha akachora kizimba mchangani kwa kijiti, akaeleza vile oksijeni ya majini inavyopungua samaki wakirundikana. Nikasema sijaelewa. Akaeleza tena, mara hii kwa mfano wa bweni letu madirisha yakifungwa. Jioni yake yote imeteketea. Safi sana!

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimeuliza: samaki wakilegea, si tuwaongeze chakula? Dorine alishika kiuno. "Wewe Cephas, hii kichwa yako ni ya kuvaa kofia tu?" Lakini akaeleza. Chakula kisicholiwa kinaoza, na kuoza kunamaliza oksijeni ile ile. Nikamwomba arudie kana kwamba anamweleza nyanya yake. Akarudia bila kitabu. Maskini, amechoka, hata kukifungua hawezi!

Kalamu zimeisha. Shamima ameniuzia nyingine na kuniuliza sura ya kwanza inasema nini. Nimemwambia hiyo nilishaimaliza, yote ni manjano.

Jumapili, 9 Machi
Mama amepiga simu. Ametangaza kanisani! Watu wamepiga makofi, kwaya imeongeza wimbo, na yeye ameshaninunulia viatu vya mpira, gambuti mpya za kazi. Nilitaka kumwambia mtihani bado haujafanyika. Halafu nikakumbuka kwamba Dorine hajasoma wiki nzima kwa sababu yangu. Nikamwambia anunue na soksi.

Jumanne, 11 Machi
Mtihani. Swali la kwanza: eleza kwa nini samaki wa kizimbani hufa kwa kukosa hewa. Nikaandika kurasa mbili bila kuinua kichwa! La pili: mfugaji afanye nini samaki wakilegea? Rahisi! Mengine yote yalihusu vitu ambavyo sijawahi kuvisikia. Nashuku vilikuwa kwenye kurasa zilizolowa wino wa manjano. Nilimchungulia Dorine. Alikuwa anaandika huku anatabasamu. Nikajua amekata tamaa.

Ijumaa, 14 Machi
Dorine wa kwanza. Mimi wa mwisho.

Mwalimu alimuuliza siri yake, naye akaninyooshea kidole mbele ya darasa zima. Akasema kila nilipouliza, aligundua mahali ambapo hakuelewa, akarudi kitabuni. Watu wakanipigia makofi. Mimi! Mwalimu naye akasema maswali mawili niliyoyajibu vizuri ni yale yale niliyomuuliza Dorine, na nikae nilifikirie jambo hilo. Nimekaa, nimelifikiria. Ni bahati tu.

Kisha nikampigia mama, nikamwambia ukweli. Nimeona aibu kweli. Aliniuliza nani basi ameipata nafasi. Halafu akauliza huyo Dorine anavaa viatu namba ngapi.

Lakini sijafa moyo! Jioni Dorine amekuja, ameniomba muhula ujao nimuulize tena kila siku. Ameomba mwenyewe! Sasa nimeona kosa langu: maswali yalikuwa machache. Nitamuuliza asubuhi na jioni, hatapata hata nafasi ya kupumua. Na Shamima ameleta kalamu za pinki!