Goti la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya ushindi! Mimi mtunza stoo wa maabara hatimaye nimekula matunda ya stoo. Watafiti wetu wanatengeneza jeli ya maumivu ya viungo. Dawa inafungwa ndani ya chembe za nano, ndogo ajabu, nazo zinapenya ngozi na kuifikisha damuni. Hakuna sindano, hakuna kidonge!

Mama mkwe ana goti linalomliza. Mume wa shemeji yangu, yule mvaa tai, amemnunulia mkongojo wa kung'aa na sasa anaitwa "mwanangu". Mimi bado naitwa "wewe". Basi nimetia mfukoni kichupa chenye kibandiko chekundu. Vya kijani vilikuwepo, lakini chekundu lazima kiwe kikali, nani asiyejua?

Jumanne, 5 Machi

Mama mkwe kapaka. Kasema inapoza. Kaniita "baba"! Mvaa tai kauliza imetoka wapi. Nikamjibu ni mambo ya kitaalamu, nikasogeza kiti changu karibu na mama.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwisha! Kikao cha asubuhi, mkuu wa maabara, mama asiyecheka, katuonya kwamba dawa ile isimguse mwenye ugonjwa wa moyo. Mama mkwe anameza vidonge vya moyo miaka nenda rudi. Nikasingizia tumbo, nikakimbia nyumbani.

Nikamkuta kochini, kinywa wazi, mkono unaning'inia. Nikapiga yowe. Akashtuka na kuuliza nina wazimu gani, mtu hawezi kujipumzisha? Nikamkumbatia, nikalia kwa furaha. Kisha nikalisugua goti kwa maji moto na dodoki mpaka akaniita majina. Hospitali kakataa, kasema niende mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Roho haikutulia. Nikamuuliza mkuu, kwa mfano tu, mgonjwa wa moyo akipaka ile ya kibandiko chekundu itakuwaje. Akanitazama sana. Akasema atakuwa amepaka chembe tupu. Kumbe vya kibandiko chekundu havina dawa! Ni vya kulinganishia na dawa halisi kwenye majaribio, na wanavitia rangi hiyo makusudi ili asije mtu akavichanganya na vyenye dawa.

Nikaketi juu ya boksi. Mungu mkubwa, sijaua mtu! Mkuu akaongeza kwamba huyo mtu wa mfano arudishe kichupa kabla ya saa ya kutoka. Nimekirudisha. Nimepata onyo kali, lakini kazi ninayo na mama mkwe ninaye. Sijawahi kufurahia kugombezwa namna hii.

Ijumaa, 8 Machi

Maajabu! Mama mkwe kaenda dukani bila mkongojo. Kasema goti limelegea tangu juzi na anataka jeli zaidi. Mvaa tai kabaki kuupangusa mkongojo.

Nimefikiri sana. Ndani hamkuwa na dawa, na goti limepona. Wasomi wote wale hawajang'amua! Dawa ndiyo inayoharibu mambo. Nimechukua mafuta ya nywele ya mke wangu, nimeyakoroga na maji, na nimehakikisha hayana dawa hata chembe. Najianzia mwenyewe. Kesho nilikuwa ning'olewe jino, nimempigia daktari kumwambia asinisubiri. Nimepaka shavu zima. Tayari linavimba.

Safi, yanapenya.