Kurasa Kumi na Moja za Azuma

Jumatatu, 8 Septemba

Miaka mitatu nimengoja. Nimepewa kurasa kumi na moja.

Hadithi fupi mpya ya mfululizo wa "Vizazi vya Zohali" imefika leo. Nilifunga duka la vipuri saa nne asubuhi nikaenda kuichukua. Wateja hawapo hata hivyo; esansi haipatikani, magari yamelala. Juzuu ya kumi na tano ilimwacha rubani Azuma akielea nje ya chombo, hewa yake imebaki ya dakika arobaini. Hadithi hii ingemrudisha ndani. Nilishautangazia hivyo mtaa wetu mzima wa Buyenzi.

Nimeisoma nimesimama. Azuma ana miaka tisa. Baba yake anatengeneza jiko. Azuma anamshikia bisibisi. Jiko linawaka. Mwisho.

Hakuna chombo. Hakuna Zohali. Bisibisi!

Juzuu ya kwanza niliisoma nikiwa na miaka kumi na tisa, wakati wa vita, mtaa umefungwa, hakuna kutoka. Mwandishi wake, Madamu Consolée, mwalimu wa fizikia wa huko juu Kiriri, alinichukua kwenye chumba nilichojifungia akanipeleka angani. Leo kanirudisha jikoni.

Jumanne, 9 Septemba

Kikundi cha wasomaji kimekutana kwa da Mwanne, mshonaji. Mwenyekiti ni mimi. Nilifungua kwa kusema hadithi ni aibu. Nikangoja makofi.

Rachid, fundi wa magiaboksi, mtu aliyeanzia juzuu ya nne, akainua mkono. Akasema marehemu baba yake alimfundisha kazi hivyohivyo, kimya, yeye akishika taa. "Mi nililia, Mohamadi. Pale jiko inawaka, nililia kabisa."

Da Mwanne akajifuta macho kwa kipande cha kitenge cha mteja. Wengine wakafuata. Kisha da Mwanne akauliza, kwa upole wake ule, kama hatuwezi kupokezana uenyekiti.

Rachid ndiye mwenyekiti sasa. Amenishukuru kwa miaka minane ya kazi. Hilo sitamsamehe.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata mpango. Nimemwandikia Madamu barua ya kurasa nne. Nimemwambia kila kitu: kwamba hadithi ni chovu, kwamba ameogopa, kwamba amemtupa Azuma kule nje na kujificha nyuma ya jiko. Chini nimesaini: Rachid, fundi, Buyenzi.

Hesabu ni nzuri. Madamu atausikia ukweli, na atakayechukiwa ni Rachid.

Nimepanda Kiriri kwa miguu, kandambili imekatika njiani, nimemaliza mlima na mguu mmoja mtupu. Mlinzi wa getini aliniuliza jina. Nikasema Rachid, bila kupepesa jicho, nikamkabidhi barua. Alinitazama mguu kwa huruma. Nilitamani kuingia. Miaka ishirini na miwili natamani kuingia nyumba ile.

Alhamisi, 11 Septemba

Kimya. Nimeuza filta moja. Mteja kairudisha.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya sala alikuja dukani dada mmoja, Christa, mpwa wa Madamu. Anamtafuta Rachid. Nilimpeleka mwenyewe hadi gereji ili nifaidi.

Rachid mikono ilikuwa na grisi, akamwomba amsomee barua aliyokuja nayo. Madamu anasema hivi: watu wengi wamemsifu, Rachid peke yake ndiye aliyesema kweli. Hadithi ile aliiandika macho yalipoanza kupoteza nuru, akaogopa kuanza kitu kirefu. Barua ya Rachid imemrudisha kazini. Sura ya kwanza ya juzuu ya kumi na sita imeshapatikana. Anaitamka, Christa anaandika. Sasa anataka mtu wa kumsomea kurasa hizo kwa sauti kila Jumapili, mtu asiyemwogopa. Je, Rachid atakubali?

Gereji nzima ilipiga makofi. Christa akamwonyesha Rachid ile barua yenye jina lake. Rachid akaiangalia, kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

Jumamosi, 13 Septemba

Rachid kaja dukani mapema, akakaa juu ya betri. Akasema hiyo barua hakuandika yeye.

"Muandiko ni yako," akasema. "Miaka yote nanunua pyesi hapa, risiti zako nazijua."

Nikasema simjui anayeandika barua.

Hakukasirika. Nilijiandaa akasirike, ningejua la kufanya. Akasema kesho twende wote. Atamweleza Madamu ni nani aliyeandika, na mimi ndiye nitakayesoma. "Mi sauti yangu ni ya gereji. We unasoma vizuri. Na we ndiye mwenye kumupenda zaidi Azuma, kila mutu anajua."

Ningesema ndiyo tu. Neno moja, herufi tano. Lakini kusema ndiyo ni kukiri, na Rachid angekuwa mkubwa mbele yangu maisha yote. Nikamwambia nina kazi Jumapili.

"Kazi gani? Esansi hakuna."

Nikasema kazi.

Jumapili, 14 Septemba

Rachid kapita saa nane mchana na shati lililonyooshwa. Mimi nilikuwa mlangoni, napanga filta ambazo zilishapangwa.

Karudi jua linazama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka mbali. Nilikusudia nisimuulize. Nilimuuliza kabla hajafika mlangoni.

"Azuma anapona?"

Akasema ameapa kutosema. Madamu aliulizia watu wa kikundi, mmoja mmoja kwa jina, akasema anawadai subira tu. Kisha Rachid akanishika bega. "Jumapili ingine kiti yako bado iko, Mohamadi."

Nikamwambia ananuka grisi. Hakuwa ananuka. Alinukia sabuni.

Yuko mtu mmoja tu Buyenzi anayejua kama Azuma yu hai, na mtu huyo alianzia juzuu ya nne.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefikiri vizuri. Kosa langu nimeliona.

Barua mpya iko tayari. Namjulisha Madamu kwamba msomaji wake anatoboa siri za juzuu ya kumi na sita mtaani kote, na kwamba yuko muuza vipuri mmoja, mtu makini, msiri, angefaa zaidi. Nimesaini jina la da Mwanne. Yeye hakuna anayemshuku.

Safari hii mwandiko nimeulaza upande wa kushoto.