Mkono wa Romana Upumzike

Jumatatu, 3 Mei 1976

Shule imefungwa, Mwalimu Josephat kapita nyumba kwa nyumba na baiskeli yake. Kwangu kafika nachambua mboga. Anasema mjukuu wangu Romana anarusha kitufe vizuri. Kitufe ni kale kampira kagumu ka ngozi, watoto wanashindana nani atakatupa mbali. Nikamjibu najua. Mtoto huyo akikutupia kiatu utakimbia mpaka Kasansa.

Kumbe alikuwa na jipya. Jumatatu ijayo anachagua msichana mmoja wa kwenda kurusha kwenye mashindano ya wilaya, siku mbili, Mpanda mjini. Mmoja tu, lori limejaa. Romana kaacha kusonga ugali. Mama yake, Verdiana wangu, yuko Mpanda anafua mashuka ya wagonjwa. Tangu mvua zikate barabara hawajaonana.  Mwiko uliosimama mie niliusikia.

Halafu mwalimu akaleta masharti. Arushaye leo, kesho asirushe. Mfupa wa mtoto bado laini, mkono unachoka ndani kabla haujauma nje. Na nyumbani asipewe kazi ya kuuchosha. Nikamwuliza ndege ataamia nani, yeye? Mpunga unaiva, ndege wanashuka kama wamealikwa. Romana ndiye anayekaa juu ya dungu, kichanja cha shambani, na kombeo, anawafukuza kwa vidonge vya udongo. Mwalimu kasema tafuta mtu mwingine.

Mtu mwingine! Kirahisi hivyo.

Jioni. Nimempata. Naandika upesi nisisahau. Shule sikuiona, kuandika nimefunzwa uzeeni kwenye kisomo cha watu wazima, na akili yangu inakwenda mbio kuliko kalamu.

Jumanne, 4 Mei

Katika kurusha, wa kumwogopa ni Kashinje, mjukuu wa kike wa jirani yangu Nyanzala. Hao walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani, mwaka juzi. Kashinje anachunga. Ng'ombe akikosea njia anamrudisha kwa jiwe moja. Mkono kama mchi.

Basi Kashinje ndiye ataniamia ndege. Mpunga unapona, Romana anapumzika, Kashinje anachoka. Nani kasema bila shule mtu hana akili?

Nikaenda kwa Nyanzala. Nikamsifia mtoto wake shabaha mpaka ulimi ukaniuma. Nikaahidi karanga. Kakubali upesi. Akasema na yeye ana kashida kadogo, hana mtu wa kumsukia maziwa. Romana awe anakuja jioni, atarudi na mtindi. Nikasema achukue, mtoto ni wetu sote. Kusuka maziwa kuna nini? Unakaa kwenye kigoda, unakisukasuka kibuyu mpaka siagi itoke. Kazi ya kukaa hiyo. Anayekaa anapumzika.

Mwanamke mwepesi wa kudanganyika, huyu. Nimemwonea huruma. Ikapita.

Alhamisi, 6 Mei

Mambo yanakwenda! Kashinje kapanda dunguni asubuhi, kashuka jua linazama. Mie chini na karanga zangu, namwonyesha: wale kule, wale pale. Pengine namwonyesha pasipo na ndege. Anatupa tu. Mtoto mtiifu, kalelewa.

Romana karudi na mtindi, tumekula na viazi. Anasema leo vibuyu vya kusuka vilikuwa vingi kuliko jana. Mkarimu, Nyanzala. Mtoto kasinzia, kijiko kiko mdomoni. Wanaokua wanalala sana.

Mwalimu kaniuliza njiani kama Romana anapumzika. Nikamwambia anapumzika kama bibi harusi.

Jumamosi, 8 Mei

Kashinje kashuka dunguni kashika bega. Nikamwongezea karanga. Akanishukuru kwa mikono miwili, ule wa kulia ukiwa unasindikizwa na wa kushoto.

 

Jumapili, 9 Mei

Misa. Padre kaanza, sote tukafanya ishara ya msalaba. Romana kafanya kwa mkono wa kushoto. Nikamfinya, nikamwuliza toka lini anacheza na Mungu. Akaninong'oneza.

"Bibi, wa kulia haufiki kichwani."

Mahubiri sikuyasikia. Tulipotoka nikamfungua blauzi ukutani. Bega limevimba, lina moto. Mie nimezika watu wazima na macho makavu. Leo nimekaa chini penye ukuta wa kanisa, kanga usoni, watu wakanipita wakidhani nimeguswa na mahubiri.

Nilipojifuta uso nikamwuliza alikuwa anafanya nini na huo mkono. Akashangaa.

"Si nasuka maziwa, bibi. Ulinituma wewe."

Jumatatu, 10 Mei

Nimeamka na mwiko. Njiani nikamkuta Nyanzala anakuja kwangu na fimbo ya ng'ombe. Tukasimama.

Nikamwita mwizi wa mikono ya watoto. Akasema ndiyo, tuko wawili. Akaniuliza kama nilifikiri anagawa mtindi kwa kuwa anapenda sura yangu. Nikamwuliza kama alifikiri karanga zangu zilikuwa za upendo. Tulitukanana vizuri, mie kwa Kipimbwe, yeye kwa Kisukuma, pale penye maana kwa Kiswahili ili tusikosane.

Tulipopumua tukawaona. Romana na Kashinje wamekaa juu ya kinu kilicholala, wanakula karanga zangu kwa mikono ya kushoto, wanatucheka. Ile mikono ya kulia imelala mapajani kama vitoto vya paka vigonjwa. Mwiko nikauweka chini. Na yeye fimbo yake.

Tukawapeleka kwa mwalimu, kila mmoja kamshika wa mwenzake, sijui kwa nini. Mwalimu hakufoka. Angefoka ningejua la kumjibu. Aliyaminya mabega taratibu, akasema hakuna kilichovunjika, ila wakirusha leo watajiharibu. Akaahirisha mpaka Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Uvimbe usipokwisha, hatakwenda hata mmoja. Romana alikuwa anatazama njia ya Mpanda.

Nikauliza kwa sauti ndogo, na ndege?

"Ndege mtaamia nyie wawili," mwalimu kasema.

Ijumaa, 14 Mei

Dungu halikutengenezwa kwa wanawake wa umri wetu. Kupanda, Nyanzala alinisukuma makalio. Yeye nilimvuta kanga, karibu abaki bila.

Anatupa vibaya. Mie natupa vibaya zaidi, lakini kwa nguvu. Asubuhi nimemkosa ndege, nikapiga mgomba. Mchana nimemkosa ndege, nikapiga kengele ya baiskeli ya mwalimu, kriing, yuko juu yake. Akauliza nani. Mie nikamwonyesha Nyanzala, Nyanzala akanionyesha mie, wakati mmoja. Mwalimu kacheka mpaka kashuka baiskeli. Kasema siku ya Sabasaba ataweka shindano la kombeo la akina mama, maana vipaji vinapotea bure.

Jioni kila mtu kwake. Romana kwangu, namkanda bega kwa maji ya moto na chumvi. Kashinje kwao, anakandwa. Ng'ombe anachunga kaka yake. Siagi mwaka huu Nyanzala anasuka mwenyewe. Namsikia huko anavyoguna. Nimelala vizuri.

Jumatano, 19 Mei

Romana kanyanyua mkono mpaka juu ya kichwa, kajikuna utosi. Nimeupiga msalaba kwa niaba yake, mara tatu.

Jumamosi, 22 Mei

Uwanja wa shule, watu wote. Mwalimu kapapasa mabega, kakubali.

Romana katupa. Kampira kakapaa, kakaenda, mie nilikuwa nakasukuma kwa macho. Kakaangukia nyuma ya goli. Watu wakashangilia. Kashinje katupa. Kakaangukia mbele zaidi ya kale ka Romana. Urefu wa jembe tu, jembe na mpini wake.

Mwalimu kamwandika Kashinje. Romana kampa mwenzake mkono, kwa adabu, halafu kaja kusimama nyuma yangu, kashika pindo la kanga yangu kama alivyokuwa anashika zamani, hajaota meno ya mbele. Sikuweza kugeuka.

Basi nikaingia uwanjani. Nikamwambia mwalimu mbele ya watu, sikuficha.

"Wewe ulisema arushaye leo, kesho asirushe. Huko Mpanda mnashindana siku mbili. Siku ya pili atarusha nani, mie?"

 Mwalimu kaitazama karatasi yake ya majina. Akasema sheria hiyo ni kweli, lakini lori limejaa. Hapo Nyanzala naye kaingia uwanjani, sikumwita. Kamwambia mwalimu, hao watoto wote wawili ukiwaweka pamoja hawafiki nusu ya tumbo lako, abaki yeye, wapande wao. Watu walianguka kwa kicheko.

Mwalimu kaandika majina mawili. Mmoja siku ya kwanza, mmoja siku ya pili. Na yeye lori anapanda, juu ya mizigo.

Nyanzala na mie hatukukumbatiana. Alinipiga bega. Liliuma.

Jumamosi, 5 Juni

Dereva wa lori karudi na habari. Siku ya kwanza Kashinje kashika nafasi ya tatu. Siku ya pili Romana karusha, na Verdiana kaja uwanjani mbio na aproni ya kazini, kapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika, hospitalini siku nzima akawa anaongea na wenzake kwa mikono. Watoto wote wawili wamelala kitandani kwake, yeye kalala chini. Romana kaongeza siku. Kashinje naye kaongeza, hataki kumwacha. Mikono mizima, dereva anasema, kawaona wanatupiana machungwa.

Nimekaa nimefurahi peke yangu mpaka uji ukaungua.

Sasa Sabasaba. Mwalimu hakutania, shindano la kombeo la akina mama lipo, na mshindi anapata doti ya kanga. Nyanzala anajizoeza nyuma ya zizi, anadhani simwoni. Kwa hiyo jana nimempelekea mpunga wangu wa kutwanga, madebe, nikasema nyumba bila Romana imenielemea. Kapokea kwa moyo mkunjufu. Atwange. Mpaka Sabasaba bega hilo halitanyanyua hata kijiko.

Na ona alivyo mwema, mtu asiyejua lolote. Asubuhi hii kaniletea vibuyu vya maziwa, vimejaa mlango mzima. Anasema kwa kuwa yeye anatwanga, hana nafasi ya kusuka, nimsaidie, mtindi wote ubaki wangu.

Nimeanza tangu asubuhi. Kazi ya kukaa. Mkono wa kulia unasuka, haya naandika kwa kushoto, ndiyo maana yamepinda.

Mwanamke mwepesi wa kudanganyika, huyu.