Programu Isiyo na Njaa

Mwaka 1998 kila mwenye mlango Njombe alikuwa ameufungulia biashara. Hulda naye alikuwa na mlango, kompyuta moja na kibao: "Tunachapa Kila Kitu." Fahadi, fundi wa kujitangaza kutoka Makambako, alikuwa akipita tu kutafuta chai. Akaona walimu wa shule sita wamepanga foleni nje, mitihani ya mock mikononi. Chai akaisahau.

"Kamwene, dada," alisema, maana alijua neno moja la Kibena na alilitumia vizuri. "Bado una programu ya zamani? Wenzako Iringa wameshaiacha. Nakuwekea toleo jipya. Bure."

Neno hilo limewaponza watu wenye akili zaidi ya Hulda, kwa hiyo tusimcheke. Fahadi alifuta programu ya zamani, akaweka mpya, akaaga kwa adabu.

Kesho yake kompyuta ilianza kujikokota. Hulda aligusa herufi, akasubiri, akapuliza vidole kwa baridi ya Julai, ndipo herufi ikajitokeza. Mitihani ilitakiwa Ijumaa. Ikichelewa, shule zote sita zingehamia kwa Efraimu, mchapaji wa ng'ambo ya barabara, na Hulda angebaki na kibao tu. Fahadi akatokea, kwa bahati tu.

"Toleo jipya linakula kumbukumbu, dada. Lina mambo mengi."

"Mambo gani?"

"Mengi."

Hapa tumtendee haki: hakusema uongo. Toleo jipya lilikula kweli, na barua iliyotoka ilikuwa barua ile ile. Waliolitengeneza walikuwa wamemfanyia Fahadi nusu ya kazi. Nusu iliyobaki aliileta mfukoni: kijiti cha kumbukumbu, akakichomeka ndani ya mashine kwa laki moja na nusu. Mashine ikakimbia. Hulda akashukuru.

Kijiti chenyewe Fahadi alikuwa amekitoa kwenye kompyuta ya Mzee Halfan, mwenye malori Makambako, ambaye naye alishawekewa toleo jipya. Eti anakwenda kukisafisha vumbi. Mzee alipolalamika, Fahadi alipanda basi, akakichukua kwa Hulda "kikapimwe", akamrudishia Mzee kwa ada ndogo. Siku ya pili kikasafiri tena. Hakuna mchuuzi aliyeizoea barabara ile kama kijiti kile.

Jumanne Hulda alipiga simu Makambako kuulizia karatasi zake zilizokuja na lori. Alipokea Nasma, karani wa Mzee Halfan.

"Subiri dada nizitafute daftarini. Mashine leo imegoma."

"Yako imegoma? Yangu leo inakimbia. Jana ndiyo ilikufa."

"Jana yangu ilikimbia," alisema Nasma. "Wewe, fundi wako nani?"

Wakatajiana jina, wakacheka kicheko ambacho Fahadi asingekipenda.

Hulda hakuwa mtu wa kutupa kitu. Disketi za programu ya zamani zilikuwa ndani ya kopo la maziwa. Akairudisha, akabadilisha rangi ya kioo ikawa bluu yenye maandishi meupe, akainakili kwenye disketi mpya na kuzibandika karatasi: "Toleo la 2000."

Jumatano Fahadi alifika. "Nimefuata kijiti, dada. Kipimo."

"Hicho hapo mezani. Sikihitaji tena."

Fahadi alitazama kioo. Vidole vya Hulda vilikwenda, na herufi zilivifuata bila kuchelewa.

"Fundi wa Dar amepita," alisema Hulda. "Toleo lake hili limekonda, halili kumbukumbu."

Fahadi hakuwahi kuchapa hata barua moja maishani. Alijua kuweka programu na kupokea malipo. Aliziona ofisi zote mpaka Tandala zikimsubiri.

"Niuzie."

"Siuzi, kaka."

"Laki mbili!"

Hulda alihuzunika kwa muda unaofaa, kisha akapokea.

Alhamisi Fahadi alikuwa Makambako, kwa Mzee Halfan. Nasma aliingiza disketi kwa heshima zote. Programu ilipofunguka, Mzee alivaa miwani.

"Rangi tu ndiyo siijui. Hii si ile uliyonifutia?"

Wapakiaji wawili wa mahindi walisogea mlangoni. Fahadi alianza kukusanya disketi zake.

"Lakini inakimbia!" alisema Mzee kwa furaha ya kweli. "Iache humo. Na kijiti changu kirudishe ndani kabla hujatoka."

Simu ililia. Nasma alisikiliza, akamgeukia fundi.

"Ni dada Hulda. Mitihani ya shule zote sita imeshachukuliwa. Anasema ukipita Njombe usisite kuingia, amepata toleo la 2001."