Bibi wa Kwenye Kamba ya Nguo

Jumatatu, 3 Machi
Nimehamia Waithaka. Kwaheri Kangemi, kwaheri beseni. Nyumba ndogo, kodi ya mtu wa kawaida, na mashine ya kufua iko ndani, kando ya sinki. Nimekaa nikiitazama ikizunguka tupu. Kuna kijitatizo. Mama Kui, mwenye nyumba, hapangishii makapera. Nikamwambia nina bibi, Becky, yuko kwao ushago, huko kijijini, anarudi Jumamosi. Simjui Becky yeyote.

Jumatano, 5 Machi
Mama Kui hukagua kamba za nguo. Ameniuliza kwa upole mbona kamba yangu ina suruali na soksi tu. Huyo bibi hakuacha hata leso? Nikasema nguo zake ziko kwa mashine. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwa na mashine.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepita Kangemi kwa Tata Mwihaki, dada ya baba, bibi ya mchungaji. Nikajitolea kumfulia sare yake ya akina mama wa kanisa: rinda la buluu, kitambaa cheupe cha kichwa. Mama Kui naye huvaa hiyo hiyo. Akiiona kwa kamba yangu, maswali yataisha. Tata aliguswa, akaniombea papo hapo mlangoni. Akasisitiza kitambaa kifuliwe peke yake, kwa mkono. Jumapili ndiye anaongoza ibada. Wazee na mashine, basi.

Ijumaa, 7 Machi
Maji huku ni ya mgao, kwa hivyo nilifua mara moja: rinda, kitambaa, na jezi yangu nyekundu ya mpira. Kitambaa kimetoka waridi. Jezi haina neno. Nikaanika.

Mama Kui alisimama chini ya kamba muda mrefu. Akasema mwanamke aliyevishwa kitambaa hicho madhabahuni hawezi kukitumbukiza pamoja na jezi. Akauliza Becky alivishwa na mchungaji gani. Nikasema wa ushago. Akasema kesho atamngoja getini mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Tata hakungoja apelekewe. Alifika getini akasema amefuata sare yake kwa Mwaura, yaani mimi. Mama Kui akamkumbatia, akamwita Becky, kisha akamuuliza kwa huruma kama kwao wanajua ameolewa na kijana mdogo hivi. Tata ana miaka sitini na tano. Nilisikia yote nikiwa kwa ngazi. Sikushuka.

Tata akamwambia yeye ni shangazi yangu, na Becky hamjui. Waliniita. Tata alikunja kile kitambaa polepole, machozi yakimtoka. Kesho angesimama mbele ya kanisa zima kichwa wazi. Hapo niliona haya, kusema kweli. Mama Kui akamletea chake cha akiba, wakaingia kunywa chai. Mimi sikuitwa. Niliambiwa tu Jumatatu nisionekane hapo.

Jumanne, 11 Machi
Kangemi. Beseni. Jezi bado inatoa rangi.

Nimesikia kuna chumba Spring Valley, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja. Nafuu sana, mashine iko ndani. Kijitatizo ni kwamba mzee anataka mpangaji mtumishi wa Mungu. Kesho naenda kwa Tata kuomba msamaha, na nitaomba kwa moyo wote. Kisha nitajitolea kumfulia mumewe kanzu ya ibada.