Sahani Tisa za Magugu

Radjabu alikuwa amejikinga mvua kwenye kibaraza cha mkahawa mmoja mdogo wa Mushasha, mjini Gitega, alipoona kwa macho yake mtu mzima mwenye tai akilipa pesa nzuri kwa majani matatu ya mgagani.

Si fungu. Majani matatu. Yalilala katikati ya sahani nyeupe pana kama beseni, yamedondoshewa mafuta ya mawese tone hapa, tone pale. Yule bwana, ambaye kwa kitambi na utulivu wake hakuweza kuwa mtu mdogo wizarani, alifumba macho akatafuna kama anayesomewa barua ya kupandishwa cheo. Ikaja sahani nyingine: kumbikumbi watano. Ikaja nyingine: asali ya porini kijiko kimoja juu ya kipande cha kiazi kikuu. Zikafika saba, na zote ukizikusanya hazimshibishi kuku.

"Hiki ni nini?" Radjabu alimuuliza mhudumu.

"Menyu ya kuonja. Vitu vyote iko vya hapa kwetu. Vinaokotwa tu porini."

"Vinaokotwa?"

"Vinaokotwa."

Radjabu alilitafakari neno hilo kwa heshima kubwa. Katika miaka kumi na mitano ya kazi yake alikuwa ameuza viwanja visivyokuwapo, ajira kwenye mashirika yasiyokuwapo na, mara moja, kule Ruyigi, trekta lisilokuwapo. Ubaya wa bidhaa isiyokuwapo ni kwamba siku moja mteja huja kuitazama. Lakini bidhaa iliyopo, inayojiotea bure kando ya njia, ambayo tajiri anailipia kwa sababu tu imekalishwa kwenye sahani pana! Hapo Radjabu alihisi kuwa umri wake wote uliopita ulikuwa mazoezi.

Gitega ilikwisha kupata mkahawa wake. Yeye akawasha pikipiki, akaenda Muyinga.

Muyinga ndiko alikozaliwa, ingawa alikulia kambini Tanzania, na kutoka huko hakurudi na mali yoyote isipokuwa Kiswahili cha msomaji wa habari. Kwetu, ambako Kiswahili, Kirundi na Kifaransa hupikwa sufuria moja, Kiswahili kama hicho ni sawa na kuvaa suti. Aliingia nacho dukani kwa Kamrudin, muuza vitenge na vyombo, akajitambulisha kuwa Mpishi Radjabu, wa Zanzibar na Ubelgiji.

"Mezani ni watu kumi tu, ndugu yangu," alisema. "Wa kumi na moja, hata awe mfalme, ataambiwa arudi kesho."

"Na kesho atapata?"

"Hatapata."

Kamrudin aliacha kupima kitambaa. "Binamu yangu Mohamedjaffer alikula ile ya Gitega. Tangu siku ile hata salamu yake imebadilika. Anasema mi sina ulimi ya kuonja, niko na ulimi ya kubishana bei tu."

"Alikula sahani ngapi?"

"Saba."

"Kwangu ni tisa."

Biashara ilikwisha pale pale, lakini Radjabu alikuwa fundi, na fundi hapendi kuacha kazi bila msasa. Akatazama simu yake, akaguna. "Tatizo kuna bwana mmoja wa Ngozi ananisumbua tangu asubuhi. Anaitaka meza nzima. Amesema kesho anakuja."

"Bon," alisema Kamrudin. "Mi nachukua nafasi zote kumi. Mais, lakini, nalipa nusu leo, nusu siku sahani ya tisa iko mezani. Na mama yangu atakuwapo."

Mwizi mwenye akili angeondoka na nusu ile. Radjabu alikuwa na akili, ila nusu ya pili ilikuwa na sauti tamu. Kwa mara ya kwanza maishani alijikuta analazimika kuileta bidhaa aliyoiuza.

Akaenda kuitafuta Giteranyi. Huko alimkuta mjane mmoja aitwaye Mama Zaituni, ameinama kando ya njia anachuma mnavu na kuufunga nyuma ya baiskeli. Radjabu alimweleza kuwa kuna wageni wachache mjini wanataka kuonja mboga za porini. Yeye atachuma na kupika, na baada ya kazi atapewa kitu kidogo.

"Watu hao hawana chakula kwao?" aliuliza Mama Zaituni.

"Wanacho kingi, mama."

"Na kwa hii watalipa?"

"Watalipa nauli tu."

Mama Zaituni alimtazama Radjabu, akaitazama pikipiki, kisha akautazama mnavu wake kama mtu anayeonyeshwa ndugu asiyemfahamu. "Iko sawa," alisema.

Moyo mweupe wa watu wa vijijini, aliwaza Radjabu, na karibu atokwe na machozi kwa furaha.

Jumamosi mchana wageni kumi walikaa katika chumba alichokikodi nyuma ya soko la Muyinga. Mama Zaituni alipika uani. Radjabu, ndani ya koti jeupe la daktari lililotolewa mfuko, alibeba sahani na kuzitangaza. Ya kwanza iliitwa Pumzi ya Mlima. Ya pili, ndagala wawili, dagaa wa kwetu, waliosimamishwa wima, iliitwa Mazungumzo ya Ziwa. Ya tatu, Ukimya wa Bonde, iliwafanya wafanyabiashara wazima wa simenti na sukari kunong'ona kwamba wanasikia ladha ya mvua.

Ni Bibi Sikinabai peke yake, mama yake Kamrudin, aliyeikodolea macho sahani. "Hii iko lengalenga, mchicha tu."

"Ni lengalenga, bibi. Lakini hii haikupandwa. Imeota kwa hiari yake."

"Mama, usituaibishe," alinong'ona Kamrudin, akamumunya Ukimya wa Bonde kwa uso wa ibada.

Ikawa hivyo mpaka sahani ya nane, uyoga uliopikwa kwa karanga, ambayo Radjabu alisahau kuipa jina. Hakuna aliyeliulizia. Watu waliinamisha vichwa wakala. Hawakunong'ona chochote kuhusu mvua. Bibi Sikinabai alimaliza, akaifuta sahani kwa kidole, akakilamba, akasema, "Lete sufuria."

"Bibi, utaratibu wa kuonja ni..."

"Sufuria!"

Kamrudin hakungoja sahani ya tisa. Alimsukumia Radjabu bahasha ya nusu ya pili, akataka meza kila Jumamosi. Muuza simenti akaitaka kila Ijumaa, wakaanza kupandishiana bei. "Mais iwe na uyoga huu," aliamuru Bibi Sikinabai. "Bila uyoga, hakuna mtu anakuja."

Radjabu alitoka kwenda uani na bahasha kifuani. Pikipiki ilikuwa imeshageuzwa, inaangalia barabara ya Gitega. Alikuwa amebakiza hatua sita. Lakini alichovya kidole kwenye sufuria, akaonja, na pale pale akaugua ugonjwa ambao haujawahi kumshika: aliona Jumamosi zote za mbele yake, moja baada ya nyingine, kila moja na bahasha yake. Kukimbia na moja kukawa ni ujinga.

"Mama Zaituni, uyoga huu unatoka wapi?"

Mama Zaituni alikuwa anasugua masufuria, povu mpaka kwenye viwiko. "Kumbe hauondoki? Naona pikipiki imegeuka."

"Nilikuwa naiweka kivulini. Uyoga, mama."

"Iko kilima moja tu, kule Giteranyi. Ya shemeji yangu, Athumani. Anataka kuikodisha misimu tatu. Mais umechelewa, mwanangu. Kuna bwana mmoja wa Gitega, kesho anakuja na pesa."

Bwana wa mji mwingine ajaye kesho Radjabu alimjua vizuri, kwani alikuwa amemtunga mwenyewe mara mia, akamvalisha viatu na kumpa simu. Lakini alipotoka kinywani mwa mjane mwenye povu mikononi, alimwamini kabisa, akamchukia, na kuazimia kumtangulia.

Jioni haijafika walikuwa Giteranyi. Athumani, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, alikataa. Alisema amekwisha toa neno kwa yule bwana, na Mwislamu havunji neno. Radjabu akaongeza. Mzee akakataa kwa huzuni zaidi. Radjabu alipoweka juu ya meza nusu zote mbili na ufunguo wa pikipiki, mzee alishusha pumzi kama anayetolewa jino. Karatasi ikaandikwa, majirani wawili wakaweka alama za dole gumba. Kisha wakaenda kukiona kilima, na kweli, chini ya mikaratusi palikuwa na uyoga kama ishirini, safi, umesimama mistari miwili. Radjabu hakuinama kugusa hata mmoja. Angegusa, ungemwangukia mkononi, maana ulikuwa umechomekwa tu.

Mvua zilinyesha vizuri mwaka ule. Radjabu alikaa kilimani wiki tano chini ya mwavuli, akavuna majani ya mikaratusi na mafua. Alipomfuata Athumani aliambiwa mzee amehamia kwa binti yake ng'ambo ya mpaka, kwa pikipiki.

Aliingia Muyinga kwa miguu. Kwenye chumba cha nyuma ya soko palikuwa na kibao kipya: KWA MAMA ZAITUNI. Mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Bibi Sikinabai, mshirika wa nusu ya biashara.

"Karibu, Chef wa Ubelgiji," alisema. "Una bahati. Leo iko nafasi moja."

Radjabu hakuwa na nguvu ya kuona haya. Alikaa, akaletewa sahani moja moja, akala zote bila kufumba macho. Ya nane aliileta Mama Zaituni mwenyewe.

"Uyoga huu unatoka wapi, mama?"

"Nyuma ya soko. Na kando ya barabara. Mvua ikinyesha, iko kila pahali."

"Na kule kilimani?"

"Ah, pale hauoti. Pale iko mikaratusi tu."

"Ulinidanganya."

"We uliniambia wanalipa nauli," alisema Mama Zaituni, bila hasira, akarudi jikoni.

Radjabu aliukomba uyoga wake. Ukweli ulimchoma, lakini chakula kilimpa nguvu, na kwake nguvu ilikuwa na kazi moja tu. Kwenye meza ya pili alikaa bwana mnene mwenye suti, peke yake, anakula kwa masikitiko. Radjabu alivuta kiti, akakitengeneza Kiswahili chake cha msomaji wa habari.

"Mheshimiwa, naona uyoga umekupendeza."

"Sana."

"Unajua, nchi nzima unaota kwenye kilima kimoja tu. Kwa bahati hati ninayo mimi, na naweza kukuachia. Ila inabidi uamue sasa hivi, kwa sababu kuna bwana mmoja wa Gitega, kesho anakuja na pesa."

Yule bwana aliweka uma chini. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua mezani kati ya sahani zao. Juu yake palisomeka jina la Athumani na kilima kile kile, na chini zilikuwapo alama mbili za dole gumba.

"Bwana wa Gitega ni mimi," alisema. "Nilifika ile kesho."